Je, Wajua? Safari Fupi, Mpaka Uleule

Kambi ya Lusenda iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo la Fizi nchini Kongo, ile ya Kinshasa, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Ng'ambo ya maji ni Burundi. Wakimbizi wa Burundi walioanza kupokelewa hapa mwaka 2015 wanaiona nchi yao kila asubuhi ukungu unapoondoka. Kwa macho ni karibu. Kwa karatasi ni mbali sana.

Watu wa huku huulizana sana: kama ndege yenyewe haimalizi hata saa moja, kwa nini nisipande na kadi niliyo nayo? Jibu liko katika mambo haya 22. Yasome, kisha msomee na jirani.

1. Je, wajua kwamba Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu inayotazamana, mto tu ukiwa katikati? Ndege kati yao ni miongoni mwa safari fupi kabisa za kimataifa duniani. Hata hivyo, abiria hukaguliwa hati kama anayekwenda Paris.

2. Je, wajua kwamba Novemba 2016 ilianzishwa ndege ya dakika 8 kati ya Altenrhein, Uswisi, na Friedrichshafen, Ujerumani, juu ya ziwa? Msafiri hakugongewa muhuri, na sababu haikuwa ufupi wa safari. Nchi zote mbili zimo katika mkataba wa Schengen. Kinachopunguza hati ni makubaliano ya nchi na nchi. Umbali haupunguzi kitu.

3. Je, wajua kwamba tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa? Mnyarwanda anaweza kupanda ndege Kigali na kushuka Entebbe bila pasipoti. Hilo nalo ni tunda la makubaliano.

4. Je, wajua kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikuzilazimisha nchi zote kukubali kitambulisho? Iliruhusu zile zitakazokubaliana. Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini uanachama peke yake haugeuzi kila kadi kuwa hati ya safari.

5. Je, wajua kwamba Kongo, Rwanda na Burundi zilikuwa na umoja wao tangu Septemba 1976, ule wa CEPGL, uliozaliwa Gisenyi? Kutokana nao ilitoka lesepase inayojulikana na kila mfanyabiashara wa Maziwa Makuu. Ni karatasi ya raia wa nchi hizo tatu kwa safari za nchi hizo tatu. Ukifika nayo Nairobi, haina kazi.

6. Je, wajua kwamba Kongo haijafanya sensa ya watu tangu 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha wengi? Kadi mpya ya taifa ilizinduliwa tarehe 30 Juni 2023. Kwa ndege ya ndani ya nchi, kadi ya mpiga kura imewasaidia watu wengi. Kwa ndege ya nje, Mkongomani huulizwa pasipoti.

7. Je, wajua kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kongo iliukubali mwaka 1965, unazungumzia karatasi mbili tofauti? Ibara ya 27 ni ya kitambulisho: kinasema wewe ni nani ukiwa ndani ya nchi iliyokupokea. Ibara ya 28 ni ya hati ya kusafiria, ile ambayo huku huitwa titre de voyage: inakuwezesha kutoka na kurudi. Kadi ya mkimbizi ni ya ibara ya 27. Ukiiweka mbele ya ofisa wa DGM, idara ya uhamiaji, ili upande ndege ya nje, umempa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

8. Je, wajua kwamba jetoni ya chakula na karatasi ya familia si kitambulisho cha safari hata kidogo? Zinathibitisha kwamba umeandikishwa na kaya yako ina watu wangapi. Zitunze kwa kazi hiyo.

9. Je, wajua kwamba hati ya kusafiria ya mkimbizi hutolewa na serikali ya nchi anayoishi? Sheria ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 ndiyo iliyounda tume ya taifa ya wakimbizi, CNR. Kwa mkaazi wa Lusenda, pa kuanzia ni kwenye ofisi hiyo. Anayekuahidi hati kwa njia ya mkato, gizani, anakuuzia matatizo.

10. Je, wajua yaliyomo katika nyongeza ya Mkataba wa 1951? Hapa tukae kidogo, maana wachache wamewahi kuisoma. Inasema hati iandikwe kwa lugha mbili angalau, moja ikiwa Kifaransa au Kiingereza. Inasema iwe halali kwa mwaka mmoja au miwili. Inasema bei yake isizidi bei ya chini kabisa ya pasipoti ya raia. Na aya ya 13 inasema jambo kubwa kuliko yote: nchi iliyoitoa inaahidi kumpokea tena mwenye hati wakati wowote ikiwa bado halali. Ndiyo sababu nchi nyingine hukubali kumgongea mkimbizi muhuri. Zinajua ana pa kurudi. Kadi ya kambini haina ahadi hiyo, na hata kadi iwe nzuri namna gani, bila ahadi hiyo ndege itamwacha mwenye nayo.

11. Je, wajua kwamba hati hiyo haiondoi viza? Huko Ulaya, makubaliano yaliyotiwa saini Strasbourg mwaka 1959 yaliwaruhusu wakimbizi kutembeleana kati ya nchi zilizosaini, bila viza, hadi miezi mitatu. Penye makubaliano, mkimbizi hupita.

12. Je, wajua kwamba mwanzo wa hati hizi ni mwaka 1922? Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa kamishna wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa, aliwatafutia hati Warusi waliobaki bila nchi. Ikaitwa pasipoti ya Nansen. Watu wapatao 450,000 waliipata, akiwemo mchoraji Marc Chagall na mtunzi wa muziki Igor Stravinsky. Mwaka huohuo Nansen alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

13. Je, wajua kwamba katika nchi nyingi unaweza kuitambua hati ya Mkataba wa 1951 kwa jalada lake? Juu kushoto, pembeni, ina mistari miwili iliyolala mshazari. Ofisa mzoefu huiona kabla hajaifungua.

14. Je, wajua kwamba mkimbizi ana alama yake mbele ya mashine? Fungua pasipoti yoyote, utazame chini ya ukurasa wa picha: kuna mistari miwili, kila mmoja una herufi na alama 44. Raia wa Kongo huandikwa COD, wa Burundi BDI, wa Tanzania TZA. Mkimbizi wa Mkataba wa 1951 huandikwa XXB, na asiye na uraia wowote XXA. Hati ikitoka Kongo, nchi iliyoitoa ni COD, na mwenyewe ni XXB.

15. Je, wajua kwamba mistari hiyo hujikagua yenyewe? Chukua mtu aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1990. Mashine huandika 900412. Tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 7, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, kisha tena 7, 3, 1. Unapata 63, 0, 0, 28, 3 na 2. Jumla ni 96. Gawanya kwa 10, baki ni 6, na hiyo 6 ndiyo inayofuata tarehe. Mtu akibadilisha siku moja tu ya kuzaliwa kwa kalamu, hesabu inakataa.

16. Je, wajua kwamba pasipoti zilizoandikwa kwa mkono, zisizosomeka kwa mashine, zilifikia mwisho wake tarehe 24 Novemba 2015? Hiyo ndiyo tarehe iliyowekwa na ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa. Ni mwaka uleule kambi ya Lusenda ilipofunguliwa.

17. Je, wajua kwamba alama ya ritifaa haimo katika mistari ya mashine? Majina ya Kibembe na ya Kishi yanayoanza na M', na Ng' pia, huandikwa pale bila alama hiyo, herufi zikiunganishwa. Hilo si kosa, usilipe mtu pesa akurekebishie. Unaponunua tiketi, nakili jina kama lilivyo katika mistari hiyo ya chini.

18. Je, wajua kwamba karatasi za Kongo zina jina, jina la pili na jina la ubatizo, ilhali tiketi ya ndege ina nafasi mbili tu? Na kwa Warundi, baba na mtoto mara nyingi hawana jina la ukoo linalofanana. Ofisa wa kigeni atauliza: huyu ni mwanao kweli? Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, chenye majina ya wazazi, ndicho kinachojibu.

19. Je, wajua kwamba kanuni za ICAO zinataka kila mtu, hata mtoto mchanga, awe na pasipoti yake? Zamani mtoto aliandikwa katika hati ya mzazi, na Mkataba wa 1951 uliruhusu hivyo. Leo usitegemee hilo. Uliza kabla ya kulipa nauli.

20. Je, wajua kwamba anayekukatalia kwenye dawati la tiketi ana sababu yake? Abiria akikataliwa anakokwenda, kampuni ya ndege ndiyo hubeba jukumu la kumrudisha, na nchi nyingi huitoza faini. Kwa hiyo mfanyakazi hutazama orodha ya masharti ya kila nchi iitwayo Timatic. Ugomvi haumsaidii mtu pale. Hati sahihi husaidia.

21. Je, wajua kwamba kuna karatasi ambayo si kitambulisho, nayo hurudisha watu nyumbani? Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote. Ukichanjwa leo ili usafiri kesho, umechelewa.

22. Je, wajua kwamba mkimbizi akichukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia, hadhi yake inaweza kukoma? Ibara ya 1 ya Mkataba huona jambo hilo kama kurudi chini ya ulinzi wa nchi ile. Wapo waliofanya hivyo kwa ajili ya safari ya siku tatu ya msiba. Kabla hujafanya, uliza CNR au HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Kwa dharura zipo njia nyingine: Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekuwa ukitoa hati ya dharura ya safari moja, bila malipo, tangu 1945. Na watu wa Fizi waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu 1996, wengi wamepanda ndege kwenda Marekani na kwingineko kwa safari zilizopangwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Walionekana uwanjani na mfuko mweupe wenye maandishi ya buluu, wameukumbatia kifuani. Maisha yao yote ya karatasi yalikuwa humo.

Ndugu msomaji, hati zote hizi zina mama mmoja: cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia ya Kongo inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto, na mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa katika kambi ya Lusenda au ya Mulongwe naye anahusika. Zikipita siku hizo, njia inayobaki ni ya mahakama, yenye gharama na mzunguko. Kama kuna mtoto mchanga nyumbani kwako, hesabu siku zake leo. Kama karatasi zako ziko chini ya godoro, zitie katika mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, uuweke juu pasipofikiwa na maji ya mvua. Safari yenyewe huenda ikawa ya dakika arobaini. Kuiandaa kunaanza mtoto anapozaliwa.