Kasese na Bwera: Je, ukubwa wa mji hupimwa kwa mipaka au kwa wanaoutegemea?

Kila siku ya soko, umati wa watu huvuka Mto Lhubiriha kutoka Kasindi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuingia Mpondwe na Bwera, magharibi mwa Uganda. Jioni ikifika, wengi wao hurejea kwao. Je, Bwera ni mji wa watu wangapi?

Sensa ina jibu lake. Mwaka 2014, mji wa Mpondwe-Lhubiriha, ambao Bwera ni sehemu yake, ulikuwa na takriban watu 51,000. Manispaa ya Kasese, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 50, ilikuwa na zaidi kidogo ya watu 100,000, na wilaya nzima karibu 695,000. Takwimu hizo hufuata mipaka ya utawala: anayelala ng'ambo ya mto hahesabiwi, hata kama hununua, huuza na kutibiwa Bwera.

Kipimo cha televisheni

Nchini Marekani, watangazaji wa biashara hutumia kipimo tofauti. Kampuni ya Nielsen imeigawa nchi hiyo katika masoko 210 ya televisheni. Kwa kawaida kila kaunti huwekwa katika soko moja, lile ambalo vituo vyake hutazamwa zaidi na wakazi wake. Kisha masoko hayo hupangwa kwa idadi ya kaya zenye televisheni. New York huongoza, ikifuatiwa na Los Angeles na Chicago.

Mpangilio huo hugeuza sura ya miji. Katika sensa ya 2020, Atlanta ilikuwa na watu wasiofika 500,000 ndani ya mipaka yake, ilhali soko lake la televisheni limo miongoni mwa kumi makubwa zaidi, kwa kuwa vitongoji na miji mingi jirani huutegemea mji huo. San Diego, yenye watu karibu milioni 1.4, ni mji wa nane nchini humo, lakini soko lake liko karibu na nafasi ya 30. Magharibi yake kuna bahari, kaskazini kuna soko la Los Angeles, na kusini kuna Mexico. Tijuana, mji mkubwa unaopakana nayo, hauingizwi katika hesabu.

Mawimbi hayaoni mpaka

Hali ya San Diego inafanana na ya Bwera, ingawa huku redio ndiyo yenye nguvu zaidi. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Milima ya Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, huyazuia upande mmoja, lakini mto wa mpakani hauwezi kuyazuia. Lugha nayo haina kizuizi: Lhukonzo cha Kasese na Kinande cha Beni na Butembo ni lugha za watu wa ukoo mmoja, na wazungumzaji wake huelewana.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Juni 11, 2019, Uganda ilithibitisha kisa cha Ebola kwa mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo pamoja na familia yake. Alipokewa katika Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera, ambako alifariki. Bibi yake na mdogo wake pia walipoteza maisha. Ugonjwa haukusambaa kutoka kwao hadi kwa wakazi wa Uganda, na wahudumu wa afya wa mpakani walikuwa wameanza kuchanjwa tangu Novemba 2018.

Wanaoitegemea Bwera ni wengi kuliko wakazi wake. Dawa, vitanda na matangazo ya tahadhari yakipangwa kwa takwimu za sensa pekee, hospitali ya mpakani huelemewa kabla dharura haijaanza.

Hata hivyo, orodha ya masoko ya matangazo nayo ina upungufu. Huhesabu kaya zenye vifaa, na huishia mpakani kama sensa. Kwa Kasese na Bwera, kipimo cha kweli kinahitaji maswali matatu kwa pamoja: nani anaishi hapa, nani anaisikia redio ya hapa, na nani huja hapa anapougua?