Mpini Hurithiwa, Makali Kila Mtu Hujitafutia

Wahenga walituusia kwamba mtoto akililia wembe tumpe. Methali hiyo tumeizoea mno darasani, na aghalabu tumeifasiri kwa namna moja tu: mpe umkate, apate kujua. Ni nadra kumsikia mwanafunzi akiuliza ni wembe upi huo anaopewa, ulikuwa wa nani, na umetoka wapi. Leo nataka kuiuliza methali swali hilo, maana wapo wazee wetu wenye wembe wa zamani sandukuni ambao wangependa kumwachia mjukuu, ila hawajui wauchague vipi, wala kama jambo lenyewe lina maana yoyote.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Neno wembe, wingi wake nyembe, limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Huitwa wembe ule wa kinyozi unaokunjwa. Huitwa wembe kile kibati chembamba chenye makali pande mbili kiuzwacho dukani. Na huitwa wembe pia kile chombo cha chuma chenye mpini na kichwa ambamo kibati hicho hubanwa. Hicho cha mwisho wengine hukiita mashine ya kunyolea, na ndilo jina nitakalolitumia ili tusichanganyikiwe. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihusisha neno wembe na neno jembe, kwamba ni ndugu wa shina moja. Ndugu hao wawili, hata hivyo, wana tabia zinazopingana. Kwa jembe, chuma hudumu na mpini hubadilishwa. Kwa mashine ya kunyolea, mpini ndio unaodumu na makali ndiyo yanayobadilishwa.

Utaratibu huo haukuzuka tu. Mnamo 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walipata hati ya uvumbuzi wa wembe wenye kinga ya kuzuia ngozi isikatwe, lakini makali yake bado yalihitaji kunolewa. Aliyekata kauli kwamba makali yatupwe yakiisha ni King Camp Gillette, mchuuzi wa kuzunguka wa nchini Marekani, akisaidiwa na mhandisi William Nickerson aliyegundua namna ya kuufanya ukanda mwembamba wa chuma uwe mgumu wa kutosha. Mwaka 1903, ulipokuwa wa kwanza sokoni, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipita 90,000, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette akapewa hati yake. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali yake iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari. Kuanzia hapo mwanamume hakumhitaji tena kinyozi kila asubuhi, na ile kauli yetu kwamba kinyozi hajinyoi ikaanza kupata wapinzani.

Kisha zikaja zama za kutupa kila kitu. Mwaka 1971 Gillette ilileta kichwa chenye makali mawili yaliyofungiwa ndani ya plastiki, na mwaka 1975 kampuni ya Bic ikaanza kuuza wembe wa kutupwa wote mzima, makali na mpini. Sina ugomvi na anayeutumia. Ni rahisi na unapatikana kila kibanda. Ninalosema ni kwamba hauwezi kuachiwa mtu. Kitu kilichoundwa kiishi wiki moja hakina cha kumwambia mjukuu, sembuse kitukuu na kilembwe.

Je, mashine ya zamani huchaguliwaje? Swali hili lilinifikia nyumbani. Mzee wangu, mwalimu mstaafu, ana mashine tatu, na alitaka kumpa moja mwanangu aliye katika shule ya upili, kijana anayebeba jina lake kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za Kenya. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu babu, aliyerudi nayo kutoka Burma alikopigana katika kikosi cha King's African Rifles. Ya pili ilinunuliwa ng'ambo na jamaa. Ina rangi ya dhahabu, na kichwa chake hufunguka kama milango ukizungusha kitako. Ya tatu ni ya vipande vitatu tu: mpini, bamba la chini na kifuniko. Mzee aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu katika miaka ya 1970, na sehemu ya kidole gumba imechujuka hadi shaba inaonekana.

Niliketi naye tukazikagua kwa mambo manne, ambayo msomaji naye anaweza kuyafuata. Jambo la kwanza ni madini. Mashine nzuri za zamani zilifinyangwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, kisha zikapakwa nikeli au dhahabu. Sumaku hainasi shaba. Zile zilizosubuliwa kwa zinki hafifu huvimba na kumomonyoka chini ya rangi, na ugonjwa huo hauna dawa. La pili ni nyufa. Mpini ulio na uwazi ndani huweza kupasuka shingoni, pale unapofungwa skrubu. Uchunguze penye mwanga. La tatu ni usawa. Tia wembe mpya, funga, kisha utazame kwa mbele: makali yajitokeze sawasawa pande zote mbili. Yakiwa mapana huku na membamba kule, kichwa kimepinda na kitamkata mtu.

La nne ndilo kuu: je, wembe wake bado unauzwa? Hapo ndipo mashine ya Burma iliposhindwa. Inahitaji wembe wa umbo lake pekee, usiopatikana katika maduka yetu. Ya dhahabu nayo milango yake ilikwama. Ile ya vipande vitatu hupokea wembe wa kawaida wa makali mawili, ambao bado unauzwa hata katika maduka madogo.

Wapo wanaotafuta pia mwaka wa kuundwa. Mashine za Gillette zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1951 zilichapwa herufi ya mwaka na tarakimu ya robo ya mwaka. Herufi A ni 1955, na kutoka hapo huhesabiwa kwa mfuatano. Hivyo I-4 ni robo ya nne ya 1963, miezi ile ile Kenya ilipopata uhuru. Ni jambo la kupendeza, lakini lisimfanye mtu achukue mashine iliyopasuka kwa sababu ya tarehe.

Mzee hakuridhika upesi. "Mwanangu," aliniambia, "hii ya babu yako imevuka bahari. Nitampaje kijana kitu nilichonunua sokoni?" Nilimjibu kwa heshima kwamba ya Burma haina budi kuhifadhiwa, pamoja na maelezo yaliyoandikwa ya nani aliyeibeba na alipigana wapi, bali kuhifadhi ni tofauti na kurithisha. Kijana mwenyewe alipoitwa, aliuliza swali moja: "Babu, wewe ulikuwa ukinyolea ipi ulipokuwa ukienda darasani?" Mzee akacheka, akamtania kwamba ndevu zenyewe bado ni za kuhesabika kwa vidole, kisha akampa ile iliyochujuka.

Kabla ya kumkabidhi tuliisafisha kwa maji moto kiasi, sabuni na mswaki wa zamani, kisha kwa spiriti. Sufi ya chuma haifai kwa kuwa hukwangua rangi. Wembe uliokuwa ndani tuliutupa. Hili nalisisitiza kwa walimu na wanafunzi: mpini unaweza kupita mikono kumi, lakini wembe usipite hata miwili, maana damu hubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Tunayo mifano yetu ya busara hiyo. Zamani kulikuwa na ngariba waliotumia kisu kimoja kwa rika zima. Maradhi yalipokuja, jamii nyingi ziliamua kila kijana awe na wembe wake. Jando halikufa, desturi ilibaki, makali yakabadilishwa.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipo uzito wa jambo hili dogo. Tuna mazoea ya kurithisha kwa namna mbili potovu. Ama tunamkabidhi kijana kila kitu, pamoja na makali yetu yaliyoota kutu, na tunamkasirikia asipokatia nayo. Ama tunaona vyote ni vya kale, tunavitupa pamoja, naye anaanza mikono mitupu. Nimeyaona hayo katika ufundishaji wa Kiswahili. Wapo wanaomlazimisha mwanafunzi kuzikariri methali pamoja na maana zilizokwisha kufasiriwa na mwalimu wa mwalimu wake, bila ruhusa ya kuongeza. Wapo pia wanaodai methali ni mizigo ya wazee, ziondolewe. Methali ni mpini. Imeshikwa na wengi, imelainika kwa kushikwa, na inamtosha mtoto wa leo mkononi. Maana anayoitia, kwa mambo anayoyaona leo, ni wembe wake mpya.

Kwa hiyo mzee mwenye mashine ya kumwachia mjukuu asitazame inayong'aa zaidi wala yenye hadithi ndefu kuliko zote. Atazame ambayo mjukuu ataweza kuitumia. Ampe ikiwa safi, amfundishe kuishika kwa upole bila kuikandamiza shavuni, kisha amtume dukani akanunue nyembe zake mwenyewe. Nasi walimu tufanye vivyo hivyo, kila tunapoingia darasani na neno tulilolipokea kutoka kwa waliotutangulia.