Je, Baba Noeli Hufika Nyumba ya Maskini?

Mama mmoja alifika ofisini kwangu parokiani kuandikisha ubatizo wa mtoto wake mchanga. Mwanawe mkubwa, wa darasa la pili, alikuwa ameona duka moja mjini Lushoto limetundika mipira ya kung'aa na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe. Akaniamkia, kisha akauliza: "Baba, mbona Baba Noeli kwetu hafiki?" Mama yake akainamisha kichwa.

Siku ile nilikosa jibu. Leo nalitoa kwako, maana huenda na wako atauliza.

Mzee huyo asili yake ni Mtakatifu Nikolao, Askofu wa Mira katika karne ya 4, mahali ambapo leo ni nchi ya Uturuki. Masimulizi ya kale yasema palikuwa na baba fukara mwenye binti watatu. Huko mahari ilitoka kwa baba wa binti, si kama kwetu. Kwa kukosa mahari, akawaza kuwatia binti zake katika maisha ya aibu. Nikolao akapita usiku, akatupa dirishani mfuko wa dhahabu, akaenda zake. Akafanya hivyo mara tatu. Kwa nini usiku? Ili baba yule asiaibike mbele ya watu.

Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Waholanzi humwita Sinterklaas. Desturi yao ilipovuka bahari kwenda Marekani, jina likageuka Santa Claus. Mwaka 1823 gazeti la mji wa Troy lilitoa shairi lililompa kulungu wanane wa kumvuta juu ya theluji. Toka mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast akamchora mnene, mwenye ndevu nyingi. Basi askofu akapotea machoni pa watu, akabaki mzee wa dukani.

Na mapambo je? Mwaka 1605 mtu mmoja aliandika kwamba watu wa Strasbourg walipamba miti nyumbani kwa maua ya karatasi na matufaha. Mipira ya kioo ilitoka Lauscha, Ujerumani, katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba fundi mmoja wa kioo alikosa fedha ya matufaha, akawapulizia watoto wake matufaha ya kioo. Hata kama ni hadithi tu, ona: pambo ambalo wazazi wengine hukopa fedha kulinunua, husemwa lilianza kwa baba asiye na kitu!

Kwa hiyo, wazazi wenzangu wa milimani, msikope. Tawi la msaipresi wa shambani kwako latosha. Miti ya Magamba isiguswe, ni hifadhi. Tundikeni matunda ya shambani na nyota za karatasi za daftari lililokwisha. Liwekeni tawi hilo kando ya pango la Mtoto Yesu.

Kisha mpeni mtoto kazi ya Nikolao. Giza likiingia, mfuatane naye mpaka kwa jirani mjane, aweke kibaba cha maharage mlangoni, mrudi kimya. Asimwambie mtu, hata shuleni.

Siku ya ubatizo mtoto yule atakuja tena na mama yake. Nitamwambia: "Mwanangu, Baba Noeli hufika kijijini kwenu. Mwaka huu amekutuma wewe."