Upepo Ndio Unaobeba Gari

Asubuhi katika kituo cha magari cha Oyugis, kwenye njia kuu itokayo Kisii kwenda Kisumu, huonekana dereva akizunguka gari lake na kulipiga teke kila gurudumu. Likiwa gumu, husema upepo watosha, kisha huita abiria. Desturi hii ni ya hatari. Mguu hauwezi kupambanua tairi lenye ratili 32 za upepo na lenye ratili 24.

Yafaa ijulikane kwamba uzito wa gari haubebwi na mpira, bali na upepo uliofungiwa ndani yake. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu lizungukapo. Kukunjwa huko huleta joto, kama vile waya unavyopata moto ukikunjwa mara nyingi mkononi. Joto hudhoofisha nyuzi zilizomo ndani ya mpira, tabaka zake zikaachana, na mwisho tairi hupasuka. Nalo halichagui kupasuka gari likiwa limesimama; hupasuka katika mwendo wa kasi, gari limejaa watu. Baadaye hulaumiwa msumari, au barabara, au kiwanda kilichotengeneza tairi.

Upepo hupimwa kwa geji, na hupimwa tairi likiwa baridi, yaani kabla ya safari, au baada ya gari kupumzika kwa muda wa saa tatu. Kiasi kinachotakiwa huandikwa na watengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva. Motokaa ndogo nyingi huhitaji ratili 30 hadi 35 kwa kila inchi ya mraba, ambazo mafundi huziita PSI. Malori huhitaji zaidi sana. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi lenyewe siyo ya kufuata, kwani hiyo ni mpaka usiopaswa kuvukwa.

Dereva aliyejaza upepo Kisii alfajiri, kungali baridi, akipima tena mchana Ahero katika joto la Kano, atakuta kipimo kimepanda ratili kadhaa. Wengi hushtuka na kuufungulia upepo utoke. Hilo ni kosa kubwa, maana watengenezaji walikwisha kuhesabu ongezeko hilo. Kesho yake, tairi likipoa, litakuwa na upungufu, na safari itaanza na hatari ile ile aliyodhani ameikimbia.

Wako pia wajazao kupita kiasi ili wapakie magunia zaidi ya viazi vitamu vya Kabondo. Tairi la namna hiyo hulika katikati, na wakati wa mvua hushika njia kwa shida. Lenye upungufu hulika kingo zote mbili. Mwenye lori na alitazame hasa tairi la ndani pale yalipofungwa mawili pamoja: laweza kuisha upepo na mwenzake akaendelea kubeba mzigo wote, asijue mtu. Mwenye bodaboda naye akumbuke gurudumu la nyuma, ambalo ndilo hubeba abiria.

Geji ikiisha kuondolewa, paka mate kidogo juu ya valvu. Povu likitokea, valvu inavuja na ibadilishwe. Lisipotokea, rudisha kifuniko chake, kwani vumbi likiingia humo huanzisha uvujaji.