Kutoka Kilimani hadi Mahakamani: Haki Inavyomfikia Mwananchi wa Bukavu

Kesi nyingi za Kivu Kusini huanzia shambani. Vilima vinavyouzunguka mji wa Bukavu, kuanzia Kabare hadi Walungu, vimejaa watu, na kipande cha ardhi kinachotosha mihogo na migomba michache kinaweza kugombaniwa na ndugu wa tumbo moja, na jirani, au na mwenye shamba kubwa la chai. Anayetaka kuelewa jinsi mahakama za Kongo zinavyowahudumia watu wa kawaida aanzie hapo.

Kwa desturi ya Bushi, nchi ya Washi, ardhi hupatikana kwa kalinzi. Anayeipokea humpa mwami, yaani chifu wa kimila, au mkubwa aliye chini yake, ng'ombe mbele ya mashahidi, na tangu siku hiyo familia yake hulima na kurithishana. Asiye na uwezo huo huomba bwasa, yaani shamba la muda. Mara nyingi hakuna karatasi. Kumbukumbu iko kwa waliokuwepo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, kwa upande wake, inasema ardhi yote ya nchi ni mali ya serikali, na haki ya mtu binafsi huthibitishwa kwa cheti cha usajili. Kuhusu ardhi ya vijijini inayokaliwa kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba rais angetoa amri ya kuiwekea taratibu. Amri hiyo haikutoka. Mwanya huo umewaumiza maskini wa Kivu kuliko kasoro nyingi za sheria zinazopigiwa kelele zaidi. Anayejua njia ya ofisi ya ardhi mjini aweza kujisajilia shamba ambalo mwenzake amelilima tangu enzi za babu yake, na cheti kikitimiza miaka miwili bila kupingwa, kukitengua ni kazi ngumu mno.

Kabla ya kufika kwa hakimu, wengi hupita kwa wazee, kwa mkuu wa kijiji, au kwa kamati za haki na amani za Kanisa Katoliki. Huko maneno husemwa kwa Mashi, lugha ya Washi, au kwa Kiswahili, kikao ni karibu na nyumbani, na lengo ni kuwarudisha watu katika ujirani. Udhaifu wake unajulikana pia. Mjane anayedai shamba la marehemu mumewe mbele ya wazee wa ukoo wa mume huyo hana wa kumtetea, na uamuzi wa wazee haumlazimishi askari wala ofisi yoyote kuutekeleza.

Mlango wa kwanza wa serikali ni mahakama ya amani. Mageuzi ya mwaka 1968 yalikusudia mahakama hizo zichukue nafasi ya zile za kimila, lakini katika maeneo mengi ya vijijini zilichelewa kwa miongo mizima. Leo kazi yake imepangwa na sheria ya 11 Aprili 2013: inasikiliza mambo ya familia, mirathi na migogoro ya ardhi ya kimila, pamoja na makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka mitano jela. Panapohitajika kutumia desturi, wazee wanaoijua huketi pamoja na hakimu, na huo ni mpango wa busara. Juu yake iko mahakama kuu inayojulikana kwa herufi TGI (Tribunal de Grande Instance), kisha mahakama ya rufaa ya Bukavu, kisha Mahakama ya Kasesheni (Cour de cassation) kule Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 ambao hauna barabara ya kutegemewa. Mshindwa katika kesi ya madai ana siku 30 za kukata rufaa. Katika kesi ya jinai ana siku 10 tu. Wengi hupoteza haki hiyo kwa kutojua siku zinavyohesabiwa.

Gharama humchuja mtu mapema. Kufungua kesi kunalipiwa, kupeleka wito kwa mshtakiwa kunalipiwa, nakala ya hukumu inalipiwa, na nauli ya mashahidi ni juu ya mwenye kesi. Sheria inamruhusu maskini kupata cheti cha umaskini kinachomwondolea malipo, na chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure, lakini cheti chenyewe kinahitaji kwenda ofisi moja hadi nyingine. Kisha kuna lugha. Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, hata hivyo majalada huandikwa kwa Kifaransa. Mama wa Walungu husimulia kisa chake kwa Kiswahili, karani hukiandika kwa Kifaransa, kisha mama huyo huombwa kutia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Katika jinai, katiba ni karimu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 17 kinasema uhuru ndio kanuni na kufungwa ni hali ya pekee. Kifungu cha 18 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na kinakataza polisi kumshikilia zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mamlaka ya sheria. Baada ya hapo hati ya mwendesha mashtaka hudumu siku 5, na hakimu akiridhia mtu hushikiliwa siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Tatizo limekaa kwenye huo mwezi mmoja mmoja. Gereza kuu la Bukavu, lililojengwa wakati wa ukoloni kwa watu 500 hivi, lilizoea kubeba mara tatu ya idadi hiyo, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Aliyeiba simu na anayetuhumiwa kuua walilala sakafu moja wakisubiri majalada yao yasogee.

Pale mahakama ilipoamua kumfuata mwananchi, mambo yalibadilika. Sheria inaruhusu majaji kuhama na kuketi mahali kosa lilipotendeka, na tangu mwaka 2009 hivi Kivu Kusini ilikuwa shamba kubwa la vikao hivyo, kwa msaada wa mashirika ya kigeni na Umoja wa Mataifa. Shabunda, ambako barabara hupotea msituni, majaji walifika kwa ndege. Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliketi katika mji wa Baraka, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, baada ya askari wake kuwabaka wanawake wa Fizi siku ya mwaka mpya. Wanawake walitoa ushahidi wakiwa wamefunikwa nyuso.

Kesi iliyofundisha mengi zaidi ni ya Kavumu, kilomita 30 hivi kaskazini mwa Bukavu. Kati ya 2013 na 2016 wasichana wadogo zaidi ya 40, wengine hawajafika hata miaka mitatu, waliibwa usiku majumbani, wakabakwa. Wengi walitibiwa katika hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege. Kwa miaka mingi majalada yalishughulikiwa moja moja, kama matukio yasiyohusiana, wala hayakusonga. Yalipounganishwa kuwa kesi moja ndipo kundi lenye silaha lilipoonekana, na nyuma yake mbunge wa jimbo, Frederic Batumike. Maelezo ya watoto yalirekodiwa kwa video ili wasisimame mbele ya waliowatesa. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wanamgambo wake 10 walihukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu ilisomwa Kavumu kwenyewe, wazazi wakiisikia kwa masikio yao.

Fidia ni habari nyingine. Mahakama za Kivu zimeamuru mara nyingi waathirika walipwe, pengine na serikali yenyewe, lakini waliowahi kupokea fedha ni wachache mno. Mwenye hukumu hutakiwa kufuatilia malipo Kinshasa, jambo ambalo mkulima wa Fizi hawezi. Sheria ya 26 Desemba 2022 ilianzisha mfuko wa taifa wa kuwafidia waathirika, FONAREV, ili mzigo huo uwatoke. Kuthibitisha hatia bila kumwezesha aliyeumizwa kupata matibabu na kumsomesha mwanawe ni kazi iliyoachwa nusu.

Februari 2025 mlolongo wote huu ulikatika. Waasi wa M23 walipokaribia Bukavu, wafungwa walitoroka gereza kuu tarehe 14, na siku mbili baadaye waasi hao walikuwa wameshika mji. Majaji wa serikali waliondoka, na vikao vya mahakama zao vikasimama. Waliotoa ushahidi kwa siri walijikuta mitaani pamoja na watu waliowataja. Kesi za ardhi zilizokuwa nusu njiani zilirudi kwa wazee, na kwa kuwa uamuzi wa wazee hauna muhuri wa mahakama, zitahitaji kufunguliwa upya.