Taifa la Chini ya Ardhi

Kubuni viumbe wa sayari nyingine waishio ardhini, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mikakati ya angani, huanza na swali la chakula: pasipo jua, wanakula nini? Jibu moja limo ndani ya vichuguu vya bonde la Kilombero nchini Tanzania, kuanzia Kiberege hadi Ifakara. Mchwa wajenzi wa vichuguu vikubwa hutafuna nyasi na miti mikavu, kisha hulima kuvu juu ya kinyesi chao. Kuvu hulainisha mabaki hayo yakawa chakula, na mvua zikianza huchipua uyoga ambao binadamu nao huuchuma. Taifa lenye mashamba ya namna hiyo, mradi lipate mabaki ya kulishia kuvu, halihitaji nyota iliyo karibu; huweza kukalia sayari ambazo wachezaji wengine huzipuuza.

Hewa haba ya chini ya ardhi nayo ina mfano wake. Fuko wasio na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2017, hustahimili dakika 18 bila oksijeni.

Udhaifu ndio hunogesha mchezo, na wabunifu wengi huusahau. Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa wanaoruka kwenda kuanzisha makoloni mapya, hutoka kwa msimu na wengi huliwa na ndege, kuku na watoto. Vivyo hivyo, taifa hili lirushe vyombo vyake kwa makundi, kwa vipindi maalumu, huku adui akijua wakati wa kuvizia.