Midi si Sauti: Maelezo juu ya Uandishi wa Muziki kwa Kompyuta na Nyimbo za Burat

Katika Kiswahili neno "sauti" hubeba mzigo mkubwa. Sauti ya mtu, sauti ya ngoma, sauti ya juu na ya chini katika wimbo, zote huitwa kwa neno hilo moja. Upana huo haumsumbui msemaji wa kawaida. Lakini humpotosha mwanafunzi anayeanza kurekodi muziki kwa kompyuta, hasa afikapo kwenye kile kiitwacho midi. Makala haya yanakusudia kueleza midi ni nini, hufanya kazi vipi, na ina mipaka gani itumiwapo kwa nyimbo za mahali kama Burat, katika kaunti ya Isiolo, ambako Waturkana, Waborana na jamii nyingine huishi kwa ujirani.

Midi ni mapatano ya kiufundi yaliyotokea mwaka 1983, kutokana na juhudi za watengenezaji wa ala, miongoni mwao Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Shabaha yake ilikuwa kuwezesha kinanda cha kampuni moja kukiamuru cha kampuni nyingine. Jambo la kushika ni kwamba midi haichukui sauti hata kidogo, huchukua amri. Mpigaji abonyezapo kitufe cha kinanda, ujumbe hupelekwa wenye habari tatu: amri yenyewe pamoja na njia inayopitia, namba ya noti, na nguvu ya pigo. Njia ni 16. Noti zina namba kuanzia 0 hadi 127, na nguvu hupimwa vivyo hivyo. Do ya katikati ya piano ni namba 60. Kidole kiinukapo, ujumbe mwingine huamuru noti ikome.

Mfano ulio karibu nasi ni maandishi. Neno "ng'ombe" likiandikwa halisikiki mpaka apatikane msomaji, na wasomaji wawili watalitamka kwa sauti mbili. Midi nayo hutaka ala ya kuisoma. Ndiyo maana mwanafunzi huweza kuziona noti zimepangika vizuri katika kioo cha kompyuta, naye asisikie kitu: hajaipa njia ile ala yake.

Faida za mwandiko huo ni dhahiri. Noti moja iliyokosewa husahihishwa bila kuzigusa nyingine, na sehemu ya filimbi huweza kupewa zeze. Tena ni mwepesi: noti 1,000, kila moja ikiwa na amri ya kuanza na ya kukoma zenye baiti tatu tatu, ni baiti 6,000 pamoja na alama za wakati, ilhali dakika moja ya sauti ya kiwango cha sidii huzidi baiti milioni 10.

Lakini kila mwandiko huacha kitu nje. Kwanza ni mwinuko wa sauti. Kati ya namba 60 na 61 hamna noti, bali koo la mwimbaji halina vitufe. Liko gurudumu la kupindisha, lenye hatua 16,384, ambalo kwa kawaida hufika nusutoni mbili juu na mbili chini; ila hupinda noti zote za njia moja kwa pamoja. Atakaye kuandika sauti mbili zinazopinda mbalimbali hana budi kuipa kila moja njia yake.

Pili ni mapigo. Katika edonga, ngoma ya Waturkana ya kuruka, uimbaji huchukuliwa na makofi na vishindo vya miguu. Katika orodha ya ala iliyokubaliwa mwaka 1991, makofi ni noti namba 39 ya njia ya 10, na kijana wa Burat huweza kuyapata mara moja. Lakini makofi ya watu wengi hayaangukii nukta moja. Tofauti zile ndogo ndizo ziufanyazo umati usikike kuwa umati. Programu ikiamriwa kuyanyoosha, hubaki kofi moja kubwa. Afadhali mwimbaji arekodiwe kwanza kwa maikrofoni akiwa huru, kisha programu ifanywe iufuate mwendo wake, wala si yeye aufuate mwendo wa programu.

Tatu, na hili ndilo zito kwa wanafunzi wa lugha, ni maneno. Kiturkana ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kupambanua maana ya neno au kazi yake katika sentensi. Mwanamume amwimbiapo fahali wake, sifa ya rangi na pembe zake imo katika maneno yale pamoja na toni zake. Faili ya midi ya wimbo huo itahifadhi ngazi za noti na kumpoteza fahali.

Kwa hiyo midi na ifundishwe kwa vijana, kwani huwapa wasio na bendi uwezo wa kutunga na kusahihisha. Ila anayekwenda kwa mzee kumrekodi nyimbo zake aende na maikrofoni kwanza. Ala huweza kuongezwa baadaye, hata miaka 20 ikipita. Sauti ya mzee haingoji.